Nasaha kwa Mgeni wa Msikiti Mkuu

Tangu barabara ya Babati, Kondoa na Dodoma ilipotandikwa lami na kuzinduliwa mwaka 2018, watu wa Mbulu na Hanang, ambao zamani safari ya makao makuu ya nchi ilikuwa kwao ni vumbi la kutwa nzima au mzunguko wa kupitia Singida, sasa huondoka alfajiri wakafika mchana. Na wengi wao, wakisha kumaliza haja zao za Bunge, za wizara au za hospitali, hupenda kuutazama ule msikiti mkubwa uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010, ambao watu aghalabu huuita Msikiti wa Gaddafi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wasomaji hawachoki kuniletea, wakilivika maneno mbalimbali ilhali kiini chake ni kimoja: mimi si Mwislamu, je, naweza kuingia, na nikiingia nifanyeje nisije nikaaibika?

Jawabu ni kwamba waweza, maadamu umeomba idhini na umechagua saa. Nimeona lakini kwamba karibu wote wanaouliza huuliza habari za mavazi, na ni nadra kumpata aulizaye habari za wakati; nami naona wamelishika jambo kwa mkia, kwa kuwa aliyekuja na nguo isiyofaa ataazimwa kanga mlangoni, lakini aliyekuja saa isiyofaa hakuna wa kumwazima saa nyingine.

Saa kwanza, nguo baadaye

Msikiti una shughuli yake mara tano kila siku, nayo huanza kabla ya adhana, watu wanapotawadha, na huendelea baada ya salamu ya mwisho kwa nyiradi, dua, na pengine darasa. Matembezi ya mgeni sharti yaingie katika nafasi zilizobaki baina ya nyakati hizo, ambazo katika nchi yetu ya kati ni kama hivi, kwa kukadiria:

- Alfajiri husaliwa kabla ya jua kuchomoza. Hiyo si saa ya matembezi.
- Adhuhuri huanza mnamo saa 6 na nusu, na jamaa hawatawanyiki kabla ya saa 7 na nusu hivi.
- Alasiri hukaribia saa 10.
- Magharibi ni mara jua linapokuchwa, na Isha huifuata baada ya saa moja na zaidi kidogo. Wengi hubaki ndani baina ya sala hizo mbili, kwa hiyo usidhani kwamba pale pana nafasi.

Wasaa mzuri kupita wote ni kuanzia saa 3 hadi saa 5 na nusu asubuhi. Wa pili, ulio mfupi, ni saa 8 hadi saa 9 mchana. Siku ya Ijumaa usiende kabisa mpaka alasiri ipite, na hata hapo afadhali uahirishe mpaka Jumamosi. Katika mwezi wa Ramadhani asubuhi hufaa, ila utawakuta watu wamejipumzisha au wanasoma Kurani kimya, nawe usinywe maji wala kutafuna kitu mbele yao, na katika usiku wa kumi la mwisho, wako wanaokaa itikafu, yaani kujitenga kwa ibada, humo msikitini, waache na utulivu wao.

Kosa linalorudiwa zaidi ni la wale wanaoshuka basini na kwenda moja kwa moja. Basi lililoondoka Katesh alfajiri huwafikisha Dodoma karibu na Adhuhuri, wakati ule ule ambao mlango umejaa watu, imamu hana nafasi ya kuongea na mtu, na mgeni mwenye mzigo begani husukumwa huku na huku pasipo mtu kumkusudia ubaya. Tafuta kwanza nyumba ya kulala wageni, koga, ulale, na uende kesho yake asubuhi.

Idhini huombwa kwa nani

Ukifika, usimwulize mpita njia, wala usimfuate kijana anayejitokeza langoni akidai ndiye mtembeza wageni. Muulize mlinzi ilipo ofisi ya msikiti. Ofisi ikiwa imefungwa, omba kuonana na imamu, au muadhini, au mzee yeyote wa kamati ya msikiti. Maneno machache yanatosha: "Shikamoo, mzee. Natoka Hanang, nami si Mwislamu. Naomba ruhusa ya kuutazama msikiti, kama saa hii inafaa." Katika maneno hayo umetaja utokako, umetaja ulivyo, na umemwachia mwenyeji nafasi ya kukataa bila kukosa adabu, naye akisema ngojea, basi ngojea.

Salamu huwatia watu wetu mashaka. Mkatoliki wa Mbulu amezoea kubisha hodi kwa "Tumsifu Yesu Kristo", na ulimi huteleza. Ukiteleza, hapana aliyejeruhiwa, lakini shikamoo yafaa kwa kila mzee wa kila dini. Ukipenda kusema asalaam alaikum, sema, na wengi watakuitikia kwa furaha, lakini usiitumie kama pazia la kujificha ukadhaniwa Mwislamu, kwani mara moja utaongozwa mahali pa kutawadha na hapo ndipo fedheha itakapoanza.

Nasaha yangu kwa aliye na hofu kubwa ni kwamba asingojee kufika Dodoma. Katesh ina misikiti, na mji wa Mbulu kadhalika, na hapana soko katika wilaya hizi mbili lisilokuwa na Mrangi wa Kondoa mwenye duka au mzigo wa biashara. Huyo jirani yako, ambaye umenunua kwake sukari miaka yote pasipo kumuuliza lolote la dini yake, atakupeleka msikitini kwake siku ya kawaida, na ukisha kuvua viatu pale mara moja, ule mkubwa hautakutisha.

Mavazi, kwa mtu atokaye kwenye baridi

Watu wa nyanda za juu mna faida msiyoijua: mavazi yenu ya baridi, yaani koti, sweta na sketi nzito, tayari yamekamilisha sehemu kubwa ya staha inayotakiwa. Hatari ni pale mnapoteremka kwenye joto la Dodoma na kuanza kuvua.

Kwa wanaume:

- Suruali ndefu. Kaptula haifai hata ikivuka goti.
- Shati lenye mikono. Fulana yenye picha ya mtu, tangazo la bia, au maneno ya chama cha siasa iache nyumba ya wageni.
- Kofia ya kiua si lazima kwa mgeni.
- Mwenye kuvaa shuka kwa mtindo wa lubega, kama ilivyo ada ya wazee wa Kibarbaig, avae suruali ndani na afunike bega. Shuka yenyewe haina kosa.

Kwa wanawake:

- Gauni au sketi ifikayo kifundoni, isiyobana wala kuonyesha mwili.
- Mikono ifunikwe mpaka kiganja kinapoanza.
- Mtandio au kanga ya kichwani, iliyofungwa mapema na kushikizwa kwa pini, isije ikaanguka kila unapoinama.

Mama wa Kidatoga aliyevaa vazi lake la ngozi, ambalo kwa asili ni vazi la heshima, ajitande kanga mbili juu yake. Sababu ni ya zulia kuliko ya sheria, maana ngozi iliyopakwa samli huacha doa ambalo wenye msikiti watahangaika nalo. Manukato yawe haba kwa wote.

Vitunguu saumu, ugoro na pombe

Sehemu hii huenda isingehitajika kwa wasomaji wa wilaya nyingine, lakini Mbulu ni nchi ya vitunguu saumu, na mtu aliyekuwa akivuna na kufunga magunia wiki nzima hubeba harufu ambayo mwenyewe haisikii tena. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume alimkataza aliyekula vitunguu saumu au vitunguu maji asiukaribie msikiti, na sababu iliyotajwa ni maudhi kwa wengine. Si najisi, wala hakuna atakayekufukuza. Lakini wenyeji watakaokaa karibu nawe wanaijua hadithi hiyo tangu chuoni, nao watanyamaza kwa adabu huku wakigeuza nyuso. Siku ya ziara kula chakula kisicho na kiungo hicho kibichi, piga mswaki, na nguo ulizofungia magunia usizitie katika begi moja na zile utakazovaa.

Ugoro ni jambo jingine. Mzee mwenye mazoea nao amalize haja yake ya pua mapema, kikopo akiache nje, na asiteme mate mahali popote ndani ya uzio, hata chini ya mti. Pombe haina mjadala: aliyeonja, hata kidogo, hata jana usiku mpaka harufu ikabaki, asiende.

Mlangoni

Utaona mahali ambapo zulia, mkeka au marumaru safi huanza, na hapo ndipo viatu vinapokoma. Vua ukiwa umesimama upande wa nje, kisha ukanyage ndani kwa mguu usio na kiatu, usije ukaweka soli juu ya sehemu safi kwa kutafuta pa kuegemea. Raba zenye kamba ndefu huchelewesha msafara. Katambuga au ndala huvuliwa kwa nukta moja. Soksi zivaliwe safi, na aliyesafiri na soksi za jana azivue na kuosha miguu kwenye mfereji, akiisha kuuliza ni mfereji gani wa kutumia, kwani ile ya udhu ina watu wake na saa zake.

Wanaohofia wizi wa viatu wachukue mfuko wa kitambaa, watie viatu humo, soli zikitazamana, na waubebe mkononi. Ila mfuko usiwekwe juu ya zulia.

Fimbo ya mzee, na kisu kiunoni kwa anayechunga, viachwe kwa mlinzi. Najua kwamba kwetu mwanamume mtu mzima kutembea mikono mitupu ni kama kutembea nusu. Hata hivyo fimbo inayogonga sakafu humshtua anayesali, na kisu humpa mlinzi kazi asiyoipenda. Mkongojo wa mzee asiyeweza kutembea pasipo huo ni haki yake, ila ncha yake ifutwe.

Mwisho wa mambo ya mlangoni ni mkono. Mwanamume asiwe wa kwanza kumnyooshea mkono mwanamke, wala mwanamke kumnyooshea mwanamume. Wengine watakupa, wengine wataweka kiganja kifuani na kuinama kidogo. Itika kwa namna ile ile, wala usilichukulie kuwa dharau.

Ukiwa ndani

Kaa kwanza. Wageni wengi huingia wakazunguka upesi upesi na kutoka wakiwa wameona taa tu, ilhali aliyeketi kando ya ukuta wa nyuma kwa robo saa huona jinsi mistari ya zulia inavyopangilia safu, jinsi kuba inavyorudisha sauti, na jinsi ukuta mmoja unavyotofautiana na mingine mitatu. Ukuta huo wenye mihrabu, yaani kile kishubaka kilichoingia ndani ambamo imamu husimama, unaelekea Kibla. Na kwa kuwa Makka iko kaskazini mwetu, ikisogea kidogo mashariki, anayesali Dodoma huelekeza uso takriban upande ule ule uliko mlima Hanang na nyumba zenu. Mgeni akiuona mwelekeo huo hatapotea tena katika msikiti wowote wa nchi hii.

Mambo ya kujihadhari nayo:

- Usipite mbele ya mtu anayesali, hata kama njia nyingine ni ndefu. Pita nyuma yake, au ngojea atoe salamu.
- Usiingie katika mihrabu, wala usipande mimbari ili upigwe picha.
- Msahafu ulio juu ya marufaa au rafu usiushike. Ukitaka kuona maandishi yake, muombe mwenyeji akufunulie.
- Usinyooshe miguu kuelekea Kibla, wala usijilaze.
- Simu izimwe sauti kabla ya kuvuka kizingiti.
- Mwanamume asielekee sehemu ya wanawake, ambayo aghalabu ina mlango wake. Mwanamke mgeni aulize kama ataongozwa na mama wa hapo.

Kuhusu picha, kuba, taa na nakshi ukisha kuruhusiwa piga. Mtu aliyesujudu, mama aliyejitanda, na watu wanaotawadha, usiwapige hata ukiruhusiwa kupiga jengo. Na usilete pale mikao ya harusini, wachumba wameshikana viuno, kwani hilo limewatoa wageni katika misikiti mikubwa zaidi ya huu.

Shaka zinazoletwa mara kwa mara

*Nikiingia nitahesabiwa nimesilimu?* La. Mtu husilimu kwa kutamka shahada hali anaikusudia na kuiamini. Kizingiti hakimsilimishi mtu.

*Padri wangu atasemaje?* Muulize, ni haki yake na yako. Lakini kumbuka kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili aliingia msikiti mkuu wa Umayya mjini Damascus mwaka 2001, na Benedikto wa Kumi na Sita akaingia Msikiti wa Buluu wa Istanbul mwaka 2006, na wote wawili walirudi Roma wakiwa Mapapa. Walutheri wa Haydom nao wana wachungaji wao wa kuwauliza.

*Rozari na msalaba nivue?* Sioni lazima. Utie ndani ya nguo, kwa adabu ile ile ambayo wewe ungeitarajia kwa mgeni wako.

*Adhana ikinikuta ndani?* Toka taratibu, au muulize mwenyeji kama waweza kuketi nyuma kabisa. Usijipange safuni ukaiga kuinama na kusujudu. Kuigiza ibada ya watu ni utovu wa adabu kuliko kukaa kimya.

*Wakianza kunieleza dini yao?* Sikiliza, kwani umeingia nyumbani mwao. Kama hupendi kuendelea, sema umeshukuru na muda umekwenda. Usifungue mabishano ya maandiko. Hukwenda kwenye mhadhara.

*Mwanamke aliye hedhini?* Wanawake wa Kiislamu wenyewe katika hali hiyo aghalabu hawakai katika ukumbi wa sala. Hapana atakayekuuliza, lakini aliye na staha huutazama msikiti kutoka uani, na hapungukiwi na mengi.

*Nitoe kiasi gani?* Uwezacho, katika sanduku la sadaka. Ukitaka kutoa kikubwa, toa ofisini na upewe risiti.

Misikiti mingine, na ada zake

Wako wanaokwenda mbali zaidi, na hao wajue kwamba kila msikiti una utaratibu wake.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ukiutazama kwa nje waweza kuupita, maana una paa la bati na umbo la kawaida. Hazina yake iko ndani, penye mihrabu, katika maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi. Bado unasaliwa, kwa hiyo omba idhini kama nilivyoeleza. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliokuwapo Ibn Battuta alipofika kisiwani mwaka 1331, sasa ni magofu yaliyo katika urithi wa dunia tangu 1981. Huko shida si saa za sala bali kibali, ambacho huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, wala asitokee mtu akapanda juu ya kuta zile.

Dar es Salaam, huko Kinondoni penye makao makuu ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, uko msikiti ambao Mfalme Mohammed wa Sita wa Morocco alizindua ujenzi wake alipozuru nchi yetu mwaka 2016. Kampala, juu ya kilima cha Kampala ya Kale, msikiti ulioanzwa siku za Idi Amin, ukakwama miaka mingi, ukamalizwa na Gaddafi na kufunguliwa 2007, umezoea wageni kuliko yote ya kwetu: kuna malipo, kuna mtembezaji, wanawake huazimwa mavazi, na mnara wake una vidato zaidi ya 300, ambavyo aliyekwisha kuupanda Hanang wenye mita 3,417 hatavihesabu.

Walio na jamaa Oman wakienda Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos wa Muscat, uliofunguliwa 2001, wawahi: wasio Waislamu hupokewa Jumamosi hadi Alhamisi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, na Ijumaa hawapokewi. Zulia la ukumbi mkuu ni kipande kimoja cha mita 70 kwa 60, na wageni hupita juu ya njia waliyotandikiwa. Usikanyage nje ya hiyo njia. Ama Msikiti Mtakatifu wa Makka, huo asiye Mwislamu haendi, si kwa kibali wala kwa vazi lolote, na asijaribu.

Kwa walimu na viongozi wa vikundi

Shule zinazowapeleka wanafunzi kuliona Bunge huongeza msikiti katika ratiba dakika ya mwisho, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Andikeni barua wiki kadhaa mbele, mkitaja idadi, tarehe na saa. Na kwa kuwa BAKWATA ina ofisi na sheikh katika wilaya, pitisheni barua hiyo kwake, aweke neno lake. Waelezeni watoto habari za viatu na sauti mngali shuleni, na si ndani ya basi. Wagaweni makundi ya kumi kumi, wasichana wakiwa na mwalimu wa kike. Na mwalimu mmoja abaki nje pamoja na viatu, kwani jozi themanini za viatu vyeusi vya shule, vyote vya duka moja na saizi zinazokaribiana, zikichanganyika, mtamaliza kuvitafuta wakati waumini wameanza kuingia kwa Adhuhuri.